KARAKANA YA NYUMBANI: Milingi ya mtumba, usinunue rangi

Safari hii barua nyingi ni za watu ambao tayari wana leizi, mashine ya kukereza chuma, nyumbani na sasa wanataka milingi, ile ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu sana kwa sababu huyu ndugu ana siku chache tu za kuamua na hela ni yake ya jasho.

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Pasua hapa Moshi, nina leizi ndogo na mashine ya kuchomelea, kazi zangu ni shafti na bushi za mashine za kusaga unga na za kumenya kahawa. Tatizo langu ni njia ya kii, yaani mfereji wa kile kipande cha chuma kinachobana puli kwenye shafti, kila shafti lazima niipeleke Arusha ikachanwe au nichonge mwenyewe kwa grainda na tupa na haitoki sawa, mteja anarudi baada ya wiki mbili kii imeshalegea. Sasa dalali kanipeleka kwenye yadi ya kampuni moja iliyofungwa, kuna milingi ya kusimama ya Kiingereza imeandikwa Bridgeport Adcock & Shipley, imepakwa rangi ya kijani mpya kabisa inang'aa, anataka milioni nane na anasema kuna mtu wa Nairobi anakuja kuichukua Jumamosi. Mimi nina milioni tisa na nusu basi. Niichukue? Na nikienda niangalie nini maana sijawahi kumiliki milingi. – Fundi wa Pasua

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza huyo mtu wa Nairobi mwache aje. Kila mashine inayouzwa na dalali ina mtu wa Nairobi anakuja Jumamosi, akiichukua kweli basi haikuwa yako, nyingine itatokea.

Pili hesabu yako. Ukilipa nane unabaki na moja na nusu, na hiyo moja na nusu inatakiwa ilete mashine ya karibu tani moja mpaka Pasua, iweke umeme, inunue vaisi ya kubania kazi, endimili za kukatia, koleti za kuzishika, klampu na geji. Haitoshi. Mimi huwa nawaambia watu hela ya milingi igawe mara mbili, nusu ya mashine na nusu ya kila kinachoizunguka, na wengi wanakataa mpaka siku mashine imeshafika nyumbani imesimama miezi minne haina hata vaisi. Kwa mfuko wako wewe panda mpaka tano, hapo ndipo uanze kufikiria, na kama yadi wana vaisi na koleti zake za zamani kwenye sanduku lolote pale stoo ombeni ziingie kwenye bei hiyohiyo, vitu hivyo wauzaji huwa hawavijui thamani yake.

Mashine yenyewe ni jina zuri. Bridgeport ilianza Marekani mwaka 1938, na za Uingereza zilitengenezwa na Adcock & Shipley wa Leicester kwa leseni. Imeigwa dunia nzima, Taiwan na China, kwa hiyo skrubu, nati, beringi, mikanda, vyote vinapatikana. Hilo ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani, kuna milingi nzuri sana za viwanda ambavyo havipo tena duniani na ukivunja gia moja umemaliza.

Sasa rangi. Rangi mpya mimi inanipa wasiwasi badala ya furaha. Niliwahi kununua mashine imepakwa vizuri kama hiyo, kijivu, nikaipenda kwa macho nikalipa, nimefika nyumbani nakaza meza iache kutikisika ikaganda kabisa pembeni, nikailegeza ikawa inacheza katikati. Nilikaa nayo miaka miwili nikihangaika. Tangu hapo najua kitu kimoja, kwenye milingi ya mtumba unanunua slaidi, zile njia meza inapoteleza, na spindo, ule mhimili unaozungusha kisu. Mota inabadilishwa, mkanda unabadilishwa, swichi, beringi hata skrubu vinabadilishwa, ila slaidi zikiliwa inabidi zikwanguliwe upya kwa mkono na mtu anayejua hiyo kazi, na watu hao ni wachache mno.

Kwa hiyo nenda na dayo geji, ile ya sindano ya kupimia mchezo, yenye sumaku, tochi, tambara, mafuta ya taa kidogo na kipande cha mbao. Usiende na dalali peke yenu, omba siku ambayo kuna umeme pale.

Anza na meza. Futa slaidi kwa tambara lenye mafuta ya taa uangalie kama bado unaona yale madoadoa ya kukwangua kiwandani. Pembeni yataonekana karibu siku zote maana pembeni meza haifiki mara kwa mara, angalia katikati. Kama katikati pamekuwa laini kama kioo na pembeni bado pana madoa, pameliwa. Halafu fanya jaribio hili ndilo muhimu kuliko yote: leta meza katikati, kaza ile kabari ya chuma inayobana slaidi, mafundi wanaiita gibu, mpaka mchezo uishe na mpini uzunguke kwa uzito wa kawaida. Sasa peleka meza mpaka mwisho kushoto na mwisho kulia. Ikienda vilevile nunua hata kama imechakaa sura. Ikianza kuwa nzito kidogo karibu na mwisho hiyo ni ya kuongea bei. Ikiganda, shikana mkono na dalali uende nyumbani. Rudia kwa njia ya mbele na nyuma, na kwa goti linalopanda na kushuka.

Skrubu ni rahisi. Weka geji iguse meza, zungusha mpini mbele kidogo kisha rudisha, soma kwenye duara la mpini umezunguka kiasi gani kabla sindano ya geji haijatikisika. Nusu milimita kwa mashine ya umri huo isikutishe, nati za Bridgeport zinarekebishika. Ila pima katikati halafu pima pembeni, zikitofautiana sana ujue iliyoliwa ni skrubu yenyewe na skrubu ni ghali kuliko nati. Na uangalie duara hilo limeandikwa inchi au milimita, nyingi za Kiingereza ni inchi, alama moja ni sehemu moja ya elfu ya inchi yaani milimita 0.0254. Si sababu ya kuiacha, utazoea, au baadaye ukipata hela ufunge skeli za kidijitali.

Spindo: ingiza sindano ya geji ndani ya teipa, lile tundu linalosinyaa kule chini linaloshika koleti, zungusha kwa mkono taratibu. Sindano ikicheza sehemu moja au mbili za mia za milimita ni safi. Kisha weka ile mbao chini ya spindo usukume juu kwa nguvu kama jeki, ukisikia imegonga beringi zimekwisha. Washa spidi kubwa iende robo saa bila kukata kitu, sikiliza, shika kichwa. Vuguvugu ni sawa, ukiweza kuacha mkono pale ndiyo unaitaka, ukishindwa kuna beringi inakufa.

Ukiwa hapohapo kwenye spindo uliza teipa ni ipi, maana Bridgeport za Uingereza zipo za R8 na zipo za INT30, na koleti za moja haziingii kwenye nyingine. R8 ndiyo utapata koleti za bei nafuu kirahisi, bolti yake ndefu ya juu ni ya inchi 7/16 nyuzi 20. INT30 nayo ni nzuri na imara ila ukiagiza koleti usije ukakosea, nimeona watu wawili wamekosea.

Matobo ya drili kwenye meza usiyahofu sana, hayo ni makovu ya mwanafunzi fulani wa zamani. Kutu ya juu ya kahawia inafutika. Kutu iliyochimba vishimo kwenye slaidi, hapana. Na pita na tochi kila kona ya chuma cha kumwaga, kichwa, goti, masikio ya mifereji ya meza, ukiona mstari wa kuchomelea chini ya hiyo rangi mpya ondoka hata kama vingine vyote viko sawa.

Kuhusu kuihamisha usibebe kwa vijana kumi na kamba. Uzito mkubwa wa milingi uko juu, inapinduka kirahisi sana na ikikuangukia mguu hakuna mguu. Shusha goti mpaka chini kabisa, meza iwe katikati na ukaze kufuli zake, vuta ule mkono wa juu nyuma, legeza kichwa ukipindue mota iangalie chini kikae juu ya mbao iliyowekwa kwenye meza. Hapo uzito umeshuka na umekuja katikati. Inyanyuliwe na kreni kwa mikanda ya kunyanyulia, kwenye gari ifungwe pande nne. Nyumbani ukishaishusha, mabomba matatu ya inchi moja na nusu chini yake na mtaimbo vinatosha kuisogeza mpaka ndani, watu wawili, taratibu, bila kupiga kelele za haraka haraka. Na usifanye hivyo masika, udongo wa huko kwenu ukilowa gari la kreni litazama getini.

Sakafu mwaga zege la sentimita 15 lenye nondo, uliache liive wiki nne ndipo uweke tani moja juu yake. Panga mashine kwa pima maji juu ya meza, pande zote mbili, na vipande vya bati la chuma kwenye kona za chini. Usiweke mbao, mbao inakunywa maji inavimba na kusinyaa.

Kisha kazi yako ya kwanza ni ileile inayokuumiza kichwa. Shafti yako ikiwa zaidi ya milimita 22 mpaka 30, kii ya kawaida ni milimita 8 kwa 7, unachana milimita 4 ndani ya shafti, kilichobaki kinakaa kwenye puli. Endimili ya milimita 8 ya HSS, chuma kigumu cha kukatia, kwenye chuma laini mzunguko kama 1000 kwa dakika, mafuta ya kukatia, na usiende milimita 4 kwa mpigo mmoja, gawa. Hiyo kii mteja hatairudisha.

Ukihitaji baadaye kukata gia au kurekebisha slaidi anza kuuliza hukohuko kwenu, kuna Kilimanjaro Machine Tools pale Hai, ni kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa Bulgaria kwa ajili ya mashine za namna hii hii, na huku Arusha kuna TEMDO, shirika la kubuni mitambo, na Chuo cha Ufundi. Nenda kwa heshima na soda, wazee wa karakana wanapenda kuulizwa.

SWALI: Habari fundi. Nimenunua milingi ndogo iliyotoka Japani, nimeilipia na iko nyumbani Sakina, ila fundi umeme anasema mota ni fezi tatu na mimi nina fezi moja tu ya Luku ya kawaida. Mota imeandikwa 200V, 1.5kW. Wengine wananiambia nitupe hiyo mota niweke ya fezi moja, wengine niombe TANESCO waniletee fezi tatu. Nifanyeje kaka? – Mama wa duka la vipuri, Sakina

JIBU: Dada usiitupe hiyo mota, umebahatika kuliko unavyojua.

Fezi tatu ya TANESCO ni 400V. Ungeomba, ukasubiri, ukalipa, nguzo ikaja, halafu mtu akakuunganishia hiyo mota ya 200V kwenye 400, ungenusa moshi siku hiyohiyo. Fezi tatu ya Japani ni ya 200V, na hicho ndicho kinachokufanya ufae kwa njia ya tatu ambayo hawajakutajia, invata. Ni kiboksi kinaingia umeme wa kawaida wa nyumbani 230V fezi moja na kutoa fezi tatu ya volti hizohizo au chini yake. Watu wengine wanaiita VFD, usichanganye na VFD ya risiti za TRA, ukienda dukani sema invata ya kuendeshea mota.

Nunua iliyoandikwa wazi kwamba inapokea fezi moja 220V, na kwa mota yako ya 1.5kW chukua ya 2.2kW iwe na nafasi. Ndani yake kuna kuipanga: andika volti 200, andika ampea zilizoandikwa kwenye kibao cha mota, na hezi angalia kibao kinasema nini kwa sababu Japani ina pande mbili, mashariki 50 na magharibi 60. Kama ni 60 unaweka 60 na mashine itaenda kwa spidi iliyokusudiwa na kiwanda, kitu ambacho ungekipoteza ukiunganisha moja kwa moja kwenye umeme wetu wa hezi 50. Faida ya juu ni kwamba unapata spidi ya kuongeza na kupunguza kwa kuzungusha kitufe. Ila usishushe sana chini kwa muda mrefu ukiwa unakata kwa nguvu, feni ya mota iko kwenye shafti yake, ikizunguka polepole haipoozi.

Kosa ambalo linaua invata kuliko yote ni hili, waya zake zinatakiwa ziende moja kwa moja mpaka kwenye mota. Ile swichi ya zamani ya mashine usiiweke katikati, ukikata swichi wakati invata inatoa umeme unaweza kuiua siku hiyo hiyo. Swichi ya zamani unaweza kuitumia lakini kama ya kutoa amri tu kwenye terminali ndogo za invata. Ivutie waya wake peke yake kutoka kwenye mbao ya umeme, usiopungua milimita 4 za mraba, na sakiti breka yake, na ethi iliyochimbiwa chini kweli siyo kufungwa kwenye bomba la maji. Kazi hiyo apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, nakuomba sana hapo usitafute wa bei rahisi maana mashine ni chuma kitupu na wewe mikono itakuwa na mafuta.

Wenzako wenye mashine za Ulaya wasome hapa pia. Fungua kifuniko cha mota. Kibao kikisema 230/400 na ndani kuna vichwa sita vya waya, unaihamisha kuwa delta, yaani waya zifungwe kwa pembetatu, na invata ya nyumbani inaiendesha vizuri. Kikisema 400 au 415 peke yake na vichwa viko vitatu tu, ile nyota, yaani ncha tatu zilizofungwa pamoja, imefungiwa ndani ya waya za mota, kuna fundi wa kusuka mota anaweza kuitoa nje ila ni kazi ya uangalifu. Za spidi mbili ni ngumu zaidi, huko mara nyingi ni afadhali kubadilisha mota.

SWALI: Mambo vipi fundi, nina drili ya kusimama, nimeona meza za kwenda mbele nyuma na kushoto kulia zinauzwa, nikiifunga hapo si nina milingi tayari? Nakata alumini tu. – Kijana wa Usa River

JIBU: Hapana kijana wangu, na sikatai kwa ajili ya ubishi. Beringi za drili zimetengenezwa kubeba mzigo wa kusukuma chini, milingi inasukuma pembeni. Na chaki ya drili imeshikiliwa na teipa tu bila bolti ya kuivuta juu, ukiisukuma pembeni na ikatetemeka inadondoka, ikiwa inazunguka, na endimili bado imo. Imewahi kutokea mbele ya macho yangu, chaki iliruka ikapita karibu na sikio la mtu. Hiyo meza inunue kwa kutoboa matobo yaliyonyooka, hapo itakusaidia sana, hela ya milingi endelea kuweka.

SWALI: Fundi mimi nimeshafunga mashine yangu hapa Tengeru, umeme upo, inakata. Ila nikisawazisha uso wa bloku kwa kata (kisu cha milingi) kubwa kila njia inabaki na ngazi, ukipitisha kucha inakwama. Na kuna wakati kazi inavutwa ghafla mpaka nimevunja endimili mbili. Ni mashine mbovu au mimi? – Mzee wa gereji, Tengeru

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hizo ngazi ni kichwa hakijasimama wima, na kama uliipindua wakati wa kuisafirisha ndiyo kabisa. Funga geji kwenye spindo kwa mkono wa chuma ili sindano ichore duara la kama milimita 200 juu ya meza, spindo izungushe kwa mkono, soma kushoto, kulia, mbele, nyuma. Sindano ikiwa inaelekea kwenye mfereji wa meza inyanyue kidogo ipite. Anza na kushoto na kulia, legeza bolti za kichwa nusu tu, sogeza nusu ya tofauti, kaza kidogokidogo kwa kupishana kama unavyokaza tairi la gari, pima tena, maana ukikaza kinahama. Ikifika tofauti ya sehemu mbili za mia za milimita kwa duara zima acha, usiitafute sifuri usiku kucha. Halafu njoo mbele na nyuma. Baada ya hapo ndipo unyooshe vaisi, geji ipite kwenye taya isiyotembea toka mwanzo mpaka mwisho, na kila mara ufagie chenga za chuma chini yake kwanza, chenga moja ndogo inaharibu yote uliyoyafanya.

Kuvutwa ghafla ni mwelekeo wa kukata. Skrubu yako ina mchezo, kwa hiyo ukiisukuma kazi kuelekea upande uleule meno ya kata yanakoelekea, kata inaikamata meza na kuivuta mpaka mchezo wote uishe kwa mpigo, na hapo jino linavunjika. Kwenye mashine ya mtumba isukume kazi ikutane na meno, yaani upinge mzunguko wa kata, na kufuli la njia ambayo hutumii uwe umelikaza. Na glovu mzee wangu usivae ukiwa unaendesha, hata asubuhi ya Julai huko Tengeru baridi ikiwa kali. Vaa miwani.